Mjadala Juu ya Kurekodi Mazoezi ya Taarabu

Katika vyama vya taarabu vya Unguja wimbo mpya hupita katika mikono mingi kabla haujafika jukwaani. Mshairi huleta maneno yake katika karatasi. Mtungaji wa muziki huyasoma na kuyatafutia maqamu, yaani mpangilio wa sauti, yanayoelekeana na maana yake. Kisha lahani aliyoipata huitoa kwa udi au kwa kinywa chake mwenyewe, na wapigaji, ambao aghalabu hawana karatasi ya nota mbele yao, huipokea kipande kwa kipande, usiku hata usiku, mpaka fidla, kanuni, nai, akodiani, dumbaki na rika zipatane. Kazi yote hii, ambayo pengine huchukua majuma mengi, haina hazina nyingine ila vichwa vya walioifanya. Mmoja akisafiri, akiugua, au Mola akimchukua, sehemu yake ya wimbo huondoka pamoja naye, na waliobaki hukaa kushindana juu ya sauti moja kama ilikuwa ikipanda au ikishuka, kila mtu akiapa kwa kumbukumbu yake.

Sauti za Unguja zimekuwa zikinaswa tangu zamani. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 pamoja na wapigaji wake, akaimba mjini Bombay mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice, na nyimbo ambazo barazani zilikwenda kwa kadiri walivyopenda wasikilizaji zikabanwa katika upande wa santuri uliochukua kiasi cha dakika tatu. Lakini santuri ilinasa wimbo uliokwisha kukamilika. Mazoezi, pamoja na makosa yake, makemeo yake na vicheko vyake, aghalabu yalibaki nje ya mtambo mpaka ilipotokea kaseti ndogo huko Ulaya mwaka 1963, ikaenea baadaye katika pwani yetu. Na sasa iko simu, ambayo kila mpigaji huingia nayo chumbani bila ya kumwuliza mtu. Swali la kama ni vyema mazoezi yarekodiwe, ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuliuliza, limekuwa swali la kila chama.

Ugomvi juu yake nimeusikia katika sura nyingi. Hapa nimeupanga katika vinywa vya watu wanne, na kila mmoja nimempa jina la kazi yake, kwa sababu katika jambo hili mtu husema kwa kadiri ya mahali anapoketi chumbani. Rai yangu sitaificha: naona mazoezi yarekodiwe, tena kwa nidhamu kali, na nidhamu hiyo ndiyo niliyotaka wanne hawa waitafute.

KIJANA WA KANUNI: Naanza kwa idhini yako, Maalim, maana fidla yako ndiyo iliyonivuta kuingia katika chama hiki. Tunafanya mazoezi mara mbili kwa juma. Tukiachana Ijumaa usiku, tunapokutana tena Jumanne nusu saa nzima hupotea kwa kutafuta tulipoishia. Mpigaji wa akodiani anasema maingilio ya ubeti wa pili hurudiwa mara mbili. Wa nai anasema ni mara moja, kisha kimya. Mimi nami nina yangu. Hakuna mwongo kati yetu. Kila mmoja amekwenda na wimbo nyumbani kwake, ameuimba njiani, amelala nao, na kwa siku nne hizo wimbo umekua ndani yake kwa namna yake. Rekodi ya dakika moja ingetukatia shauri, tukaingia katika kazi.

Wako watakaosema tuandike nota. Nimefundishwa kusoma nota katika chuo cha muziki pale Mji Mkongwe, wala sizidharau, lakini wewe unajua kuliko mimi kwamba sauti ya tatu ya maqamu ya Rast haina nafasi katika mistari ile mitano kama Wazungu wanavyoitumia. Iko juu ya ile ndogo na chini ya ile kubwa, na mahali pake hasa hutofautiana baina ya Misri, Sham na Uturuki. Mabingwa waliokutana Kairo mwaka 1932 katika Mkutano wa Muziki wa Kiarabu walijadili kuigawa ngazi ya sauti katika robo 24 zilizo sawa, wakatoka bila ya kuafikiana. Na katika yote waliyoyafanya, kitu anachoweza kukitumia mpigaji wa leo kuliko maazimio yao ni santuri zilizorekodiwa za wanamuziki waliohudhuria. Kanuni yangu ina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu, na kwa kila kundi kuna vijiwiko vidogo vya madini ninavyoviinua ili niipate sauti hiyo. Nikiinua kimoja zaidi ya haja, fidla yako hunikataa papo hapo. Nikiwa nyumbani peke yangu, ni nini kitakachonikataa isipokuwa sauti ya fidla hiyo hiyo, iliyonaswa Ijumaa?

MZEE WA FIDLA: Umesema kwa adabu, mwanangu, nami nitakujibu kwa upole. Sultani wetu Seyyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim nchi ya Misri akajifunze muziki, na alipofika tena Unguja hakuwa na chombo chochote cha kunasia. Aliyoyaleta aliyaleta katika vidole vyake na kifuani mwake, na kwa vidole na kifua akawapa wenziwe. Ndugu walioasisi chama cha Nadi Ikhwan Safaa mwaka 1905 walijenga juu ya msingi uliowekwa hivyo. Siti binti Saad hakujua kusoma wala kuandika, na nyimbo zake alizihifadhi moyoni. Katika ujana wangu tulikuwa tukingojea Alhamisi ya kwanza ya mwezi, Redio ya Kairo irushe tamasha la mwimbaji Umm Kulthum. Wimbo ulipita usiku ule, na sisi hatukuwa na njia ya kuurudisha. Kwa hiyo tuligawana, mmoja akishika dibaji, mmoja maingilio, mmoja mwendo wa dumbaki, na asubuhi yake tukaketi kuunga. Sikio linalojua kwamba litasikia mara moja tu husikiliza kwa namna ambayo sikio lenye rekodi mfukoni haliwezi.

Nawaona vijana siku hizi. Simu imewashwa, imewekwa juu ya kiti, na mwenyewe anapiga huku roho yake iko mbali, maadamu amekwisha jiambia kwamba atasikiliza baadaye. Na hiyo baadaye haiji. Mna mazoezi ya mwaka mzima katika simu zenu ambayo hakuna aliyeyafungua hata mara moja. Mmehifadhi nini?

Shtaka hili ni zito, na anayetetea kurekodi hana budi kulibeba kabla ya kwenda mbele. Uvivu wa sikio upo, na chombo chepesi huuzidisha. Mtu aliyefungua kaseti kwa mkono, akageuza upande, akaandika jina la wimbo kwa kalamu juu ya karatasi yake, alikuwa amekwisha ujali wimbo ule kwa vitendo hivyo. Anayegusa kioo cha simu mara moja hajajali kitu bado.

KIJANA WA KANUNI: Kweli tupu, Maalim, wala sina la kujitetea. Walakini kuna jambo ambalo kusikiliza kwa makini hakuwezi kumpa mpigaji, awe makini namna gani, nalo ni kujisikia alivyo. Fidla yako hukaa chini ya taya, karibu na sikio la kushoto kuliko chombo chochote kilichomo chumbani, na mti wake hutetemesha mfupa unaougusa. Kwa hiyo fidla yako unaisikia kubwa kuliko ilivyo, na kanuni yangu unaisikia ndogo kuliko ilivyo. Nami vivyo hivyo: kanuni iko mapajani mwangu, nyuma yangu iko akodiani, na nai, aliyeketi pembe ya pili, simsikii ila wengine wakinyamaza. Kila mmoja wetu anasikia wimbo ambao hakuna msikilizaji hata mmoja atakayeusikia ukumbini.

MZEE WA FIDLA: Hilo nakubali, na ushahidi wake ninao mwenyewe. Tulikuwa na redio kaseti moja ya chama, na usiku mmoja mtu aliiacha ikizunguka. Tuliposikiliza siku ya pili nikatambua kwamba kila ubeti ulipokaribia mwisho mimi nilikuwa nikitangulia mbele ya dumbaki. Mpigaji wa dumbaki, kwa heshima aliyokuwa nayo kwangu, alikuwa akinifuata, na chama kizima kikamfuata yeye. Wimbo tulioanza kwa mwendo wa kutulia tukaumaliza mbio, na hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiupiga kwa muda ambao hakuna awezaye kuukadiria. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu nilikuwa mkubwa wao. Baada ya siku ile nilimwomba yule wa dumbaki, mbele ya wenzake wote, asinifuate tena. Na ilikuwa kazi kubwa kwake kuitii amri hiyo kuliko amri nyingine yoyote niliyopata kumpa.

Lakini mashine ile ile ilitudhulumu pia, nawe ulijue hilo. Betri zilipochoka kaseti ilikwenda polepole wakati wa kunasa. Tukaipeleka kwa mwimbaji, naye akaisikiliza nyumbani kwake kwa umeme, kwa mwendo wake kamili, na wimbo wote ukawa umepanda juu kuliko tulivyoupiga. Akajifunza hivyo, akaukaza koo juma zima kwa sauti ambayo hakuna mtu aliyemtaka aifikie. Simu zenu hazina ugonjwa huo, nashukuru. Ila nilichojifunza hapo ni kwamba rekodi yaweza kusema uongo kwa uso mkavu, na aliye peke yake nyumbani hana wa kumwuliza.

MWIMBAJI: Nyinyi mnazungumzia vyombo vya mti na ngozi, ambavyo mtu akiviona vina kasoro hukaza uzi au hubadili ngozi. Chombo changu ni koo. Sauti yangu ninapoimba hunifikia kwa njia mbili, kwa hewa na kwa mifupa ya kichwa, na ile ya mifupa ni nzito, tena laini. Rekodi haina hiyo, ndiyo sababu mwimbaji anayejisikia kwa mara ya kwanza hudhani ameimba mtu mwingine, mwenye sauti nyembamba na kali. Nimewaona wasichana wenye sauti njema walioacha kuimba kwa ajili ya hilo peke yake, kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyewatangulizia habari kwamba litawafika na kwamba litapita. Anayemrekodi mwanagenzi ana wajibu wa kumwandaa kwanza.

La pili, usiku tulioupokea wimbo wa harusi hii iliyopita nilikuwa na mafua. Sikuweza kufika juu, nikaomba tushushe, na pale palipotaka kupanda mwisho wa kipokeo nikapita chini ili niliokoe koo. Watu wakarekodi. Juma la pili koo limefunguka, nikapanda kama mtungaji alivyokusudia, nikashangaa kuona waitikiaji wote wanapita chini, kwa kuwa walikuwa wamejifunza majumbani mwao kutoka katika mafua yangu. Nilipowaambia, mmoja akanionyesha simu yake, akasema, "Bi mkubwa, wimbo ndivyo ulivyo." Mtungaji alikuwa ameketi pale pale karibu na mlango, hai na mzima, na hakuna aliyegeuka kumwuliza.

Msikilizaji wa mjadala huu na atue hapa kidogo, maana katika yote yaliyosemwa naliona hili kuwa kubwa kuliko mengine. Wimbo unaofanyiwa mazoezi uko katika utoto wake. Kila usiku kitu huongezwa na kitu huondolewa. Mtungaji husikia kwa vyombo kumi alilolisikia kwanza kwa udi mmoja, akabadili rai. Mpigaji wa nai hujaza pengo ambalo hakuna aliyejua kwamba lipo. Rekodi ya usiku wa kwanza huushika wimbo katika hali yake ya udhaifu, kisha, kwa kuwa haibadiliki na watu hubadilika, huchukua mamlaka ambayo hakuna aliyeipa. Kumbukumbu ya mtu, pamoja na upungufu wake wote, hukua sambamba na wimbo. Anayeifanya rekodi ya kwanza kuwa kanuni ya wimbo amemnyang'anya mtungaji kazi yake kabla hajaimaliza.

KIJANA WA KANUNI: Nimesikia, Bi mkubwa, nami nilikuwa miongoni mwa waliorekodi usiku ule, niwie radhi. Ila nikumbushe na jambo lililokwenda kinyume cha hilo. Mwaka jana, katika mazoezi, uzi wa juu wa fidla ya Maalim ulikatika katikati ya maingilio. Hakusimama, aliumalizia mstari katika uzi wa chini, akashuka mahali ambapo lahani ilikuwa ikipanda, na sote tukacheka, tukaendelea. Kesho yake hakuna aliyekumbuka alishuka vipi, na yeye mwenyewe alikuwa hakumbuki. Ilikuwemo katika rekodi. Mtungaji akaisikia mara moja, akaomba irudiwe, akatuambia mstari ule ushuke hivyo hivyo kila ubeti wa mwisho, na leo watu hutunza hapo kuliko mahali pengine popote katika wimbo. Bila ya simu tungalicheka tu.

MWIMBAJI: Na tofauti ya mambo hayo mawili unaiona mwenyewe, mwanangu. Katika hilo la fidla mtungaji alisikia, akaamua. Katika hili la mafua yangu iliamua simu.

Bado la tatu sijalisema, nalo ndilo linaloniudhi. Mama zetu wa vyama vya Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari walishindana kwa mafumbo, na wimbo mpya ulifichwa mpaka usiku wake, kwani fumbo lililotangulia kufika halina makali; aliyekusudiwa huja amekwisha jitayarisha kwa jibu. Wimbo wetu wa mwisho niliusikia dukani, siku mbili kabla ya shughuli, ukitoka katika simu ya mtu nisiyemjua, tena pamoja na sauti yangu nikimkemea mwitikiaji kwa maneno ambayo mtu huyasema miongoni mwa watu wake. Chumba cha mazoezi ni mahali ambapo mtu ameruhusiwa kukosea na kukosolewa. Tangu siku ile nawaona waitikiaji wakiangalia simu ilipo kabla ya kujaribu neno jipya, na wengine hawajaribu kabisa. Mwimbaji asiyethubutu kukosea katika mazoezi atakwenda kukosea wapi?

MSHAIRI: Mimi nina maneno machache. Shairi langu lina mizani nane katika kila kipande, na nikilileta huwa nimelihesabu mara nyingi. Likitiwa muziki mwimbaji huongeza irabu ili aijaze lahani, na pengine humeza silabi ili aiwahi, na chumbani, katika ngurumo ya vyombo, silisikii. Nikisikiliza rekodi kwa utulivu nalisikia. Siwezi kumsimamisha Bi mkubwa katikati ya wimbo ili nimwambie amenizidishia mizani. Lakini naweza kumwandikia karatasi, kwa heshima, naye akapenda au asipende. Kwangu rekodi ni njia ya kusema bila ya kukatiza. Ningeomba tu nisikie mimi kabla ya muuza duka.

Mpaka hapa wanne hawa walikuwa wamekaribiana kuliko walivyodhani, na yaliyobaki yalikuwa ya namna ya kutenda. Hapo naomba nami niingie, kwa kuwa hasara nyingi zinazolaumiwa kurekodi hutokana na kurekodi vibaya.

Simu hutupwa popote. Ikilazwa juu ya meza hunasa vishindo vya vikombe kuliko nai. Ikiwekwa sakafuni karibu na dumbaki hunasa dumbaki peke yake, na wengine wote husikika kana kwamba wako chumba cha pili. Mahali pake ni pale ambapo msikilizaji angeketi: hatua kadhaa mbele ya wapigaji, kwa kimo cha sikio la mtu aliyeketi, mbali na ukuta, uso wa mwimbaji ukiielekea. Na simu nyingi zina tabia ya kujipandishia sauti panapokuwa kimya na kujishushia panapokuwa na kishindo, hata aliyepiga kwa upole na aliyepiga kwa nguvu wakaonekana sawa. Katika muziki ambao mwimbaji hutanguliwa na ukimya wa makusudi kabla ya kipokeo, tabia hiyo huua jambo lenyewe; programu ya kurekodia ikiwa na njia ya kuizima, na izimwe. Kabla ya kuanza, mtu mmoja ataje kwa sauti tarehe, jina la wimbo na maqamu yake, maana rekodi zisizo na majina ndizo zinazolala katika simu mwaka mzima bila ya kufunguliwa.

Kusikiliza kwenyewe kuna utaratibu wake, na hapa ndipo lilipo jibu la shtaka la Mzee. Watu wakikutana tena, wasifungue rekodi kwanza. Kila mpigaji na atoe sehemu yake kama anavyoikumbuka, kwa kinywa au kwa chombo. Wakihitilafiana, wahitilafiane kwanza kwa dakika chache, kila mtu akilichimba sikio lake. Kisha ndipo rekodi iitwe. Kumbukumbu iliyolazimishwa kutafuta, kisha ikasahihishwa, huishika ile sauti kwa nguvu ambayo mtu aliyepewa jibu mapema haipati. Kwa njia hii sikio lile la Alhamisi ya Umm Kulthum halipotei, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba Jumanne ataulizwa kabla ya simu kuulizwa.

Nyumbani nako, mpigaji asikilize kesho yake, uchovu na furaha ya usiku vikiwa vimepoa, na mara ya kwanza asiwe na chombo mkononi bali daftari. Aandike dakika na sekunde mahali palipomsumbua: mwendo ulipokimbia, uzi uliposhuka, waitikiaji walipochelewa kuingia. Mara ya pili amfuate mwenzake mmoja tu, tangu mwanzo hadi mwisho, yule ambaye chumbani hamsikii. Faida hii, ya mpigaji wa kanuni kuigundua nai kwa mara ya kwanza ingawa wameketi pamoja miaka, ni kubwa kwangu kuliko ya kusahihisha kosa lolote la mtu mwenyewe, maana taarabu ni mazungumzo ya vyombo, na asiyemsikia mwenzake hawezi kumwitikia. Ndipo mara ya tatu ashike chombo.

Kwa kipande kigumu, enzi hizi zimetupa neema ambayo wazee hawakuwa nayo. Mtambo wa tepu wa zamani, uliokuwa ukienda inchi saba na nusu kwa sekunde, ulipopunguzwa mwendo hadi nusu ulishusha sauti ngazi nzima, na fidla ikatoka kama chelo. Mtu aliweza kuhesabu vidole, lakini maqamu yalikuwa yamehama mahali pake. Programu za simu hupunguza mwendo na kuiacha sauti palepale. Mwanafunzi anaweza kuusikia mteremko wa fidla kwa mwendo wa nusu, akapiga pamoja nao, akatambua mahali ambapo mwalimu wake anateleza kidole na mahali ambapo anakiinua.

MZEE WA FIDLA: Kidole ataona kilipoteleza, sawa. Kwa nini kimeteleza hapo na hakikuteleza ubeti wa kwanza, hilo aje aniulize mimi.

KIJANA WA KANUNI: Nitakuja, Maalim. Na nikija na rekodi nitakuuliza mahali penyewe, pasipo kukusumbua kwa swali la jumla.

MZEE WA FIDLA: Basi nitaje masharti yangu. Wimbo mpya usirekodiwe hata usiku mmoja mpaka mtungaji atamke mwenyewe kwamba umesimama. Kabla ya simu kuwashwa watu waambiwe, na mmoja akikataa isiwashwe. Irekodi simu moja tu, ya katibu. Na wimbo ukishatoka hadharani, rekodi zote za mazoezi zifutwe.

KIJANA WA KANUNI: La pili na la tatu nayapokea kwa mikono miwili. La kwanza linanipa taabu, Maalim. Mtungaji mwenyewe husahau. Uzi ule uliokatika ulikatika wimbo ukiwa haujasimama.

MZEE WA FIDLA: Hapo una haki. Basi usiku wa mwanzo rekodi ifanywe kwa ajili ya mtungaji peke yake, akae nayo yeye, wala isifike kwa wapigaji mpaka atakapotamka.

MWIMBAJI: Nami nakataa la nne. Tulikuwa na mpigaji wa udi, nyote mnamjua, aliyefariki kabla ya wimbo wake wa mwisho kufika jukwaani. Sauti ya udi wake katika wimbo ule haiko mahali popote duniani ila katika rekodi za mazoezi. Imo namna alivyoanza, akaacha, akajaribu njia nyingine, akamwuliza mtungaji, akacheka. Aliyepokea nafasi yake alijifunza humo. Leo tungefuta, tungefuta nini? Rekodi inayotoka nje bila ya idhini ndiyo iliyonidhuru. Iliyowekwa na kutunzwa haikumdhuru mtu.

Naungana naye. Chama chenye umri mrefu kina nyimbo nyingi ambazo hakuna ajuaye zilifikaje zilivyo, na aliye na njia ya kuipatia kizazi kijacho elimu hiyo, akaifuta kwa hofu ya uvujaji unaoweza kuzuiwa kwa kufuli, hana udhuru. Kutunza nako ni kazi: nakala moja simuni si nakala, kwa kuwa simu huanguka baharini, huibiwa, hufa. Nakala mbili, katika nyumba mbili, pamoja na daftari lenye majina ya wote waliopiga usiku ule, ndicho kiwango cha chini.

MSHAIRI: Katibu atunze, na anayetaka kusikiliza aje kwake, au apewe kwa jina lake na kwa wimbo mmoja.

MZEE WA FIDLA: Sawa, zitunzwe. Na hizo ulizo nazo wewe za mwaka jana, mwanangu, usizifute. Zilete Jumanne zote, tuzitie majina. Tuanzie na ile bashrafu, ule utangulizi wa vyombo, maana sehemu yake ya pili mimi na wewe hatujapatana bado, na kabla hujaifungua nataka unipigie kwanza unavyoikumbuka.